Mfuko wa kilo 25, meka au mahindi ya mashini: namna ya kuchagua kwa nyumba ya watu wachache Lubumbashi

Nyumbani kwetu, katika komini ya Katuba, tuko watatu: mimi, mume wangu, na binti wa dada yangu anayesoma chuo kikuu. Kwa miaka mingi nilinunua chakula kama mama yangu alivyonunua, naye alikuwa akipikia watu kumi na mmoja. Pesa za jikoni ziliisha kabla ya mwezi kwisha, nami nikadhani kwamba kosa ni la bei za soko peke yake. Nilipoanza kuandika kila kitu katika daftari na kupima kwa mizani ya kuning'iniza, niligundua kwamba ushauri mwingi unaotolewa hapa mjini kuhusu kubana matumizi umetokana na nyumba kubwa, na kwamba nyumba ya watu wawili au watatu ikiufuata bila kuupima inaweza kupoteza zaidi ya inachookoa.

Katika ulinganisho huu ninatumia kipimo kimoja: gharama ya chakula kilicholiwa, wala si ya chakula kilichonunuliwa. Ndani ya gharama hiyo ninahesabu nauli ya kwenda sokoni, malipo ya mbeba mzigo, makala (mkaa) yaliyochomwa, na kile kilichotupwa. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, kwa kuwa bei ya Lubumbashi hubadilika pamoja na dola na pamoja na hali ya mpaka wa Kasumbalesa, tunapopakana na Zambia. Msomaji aweke bei ya siku yake mahali pa bei yangu, kisha arudie hesabu kwa njia ileile.

Unga

Bukari, yaani ugali, ndiyo msingi wa meza yetu, kwa hiyo lazima tuanzie kwenye unga. Kwa vipimo vya jikoni kwangu, mtu mzima anayekula bukari mara moja kwa siku hutumia takriban gramu 300 za unga. Watu watatu hutumia gramu 900, na mfuko wa kilo 25 unawatosha kwa siku 27 au 28. Watu wawili wataumaliza baada ya siku 41. Anayeishi peke yake atakaa nao karibu miezi mitatu, na hapo ndipo penye hatari, hasa kati ya Novemba na Machi, wakati mvua inanyesha, kuta zinatoa unyevu, na wadudu wa unga wanazaana upesi.

Tuchukue mfano. Mfuko wa kilo 25 unauzwa kwenye depo (duka la jumla) franka 40,000, yaani franka 1,600 kwa kilo. Unga uleule ukinunuliwa kidogo kidogo mtaani unafika franka 2,000 kwa kilo. Tofauti ni franka 400 kwa kila kilo, na kwa mfuko mzima ni franka 10,000, kiasi ambacho mama yeyote angefurahi kubaki nacho. Sasa toa nauli ya teksi-basi ya kwenda na kurudi, tuseme franka 2,000, na franka nyingine 2,000 za kijana wa kusukuma mkokoteni hadi kituoni. Inabaki faida ya franka 6,000. Ikiwa kilo nne za mwisho zitaharibika, umetupa franka 6,400, na faida yote imekwenda pamoja nazo. Nyumba ya watu kumi haifikii hali hiyo kamwe, kwa sababu mfuko unaisha kabla ya wiki mbili. Nyumba ndogo huifikia kila msimu wa mvua.

Hali hiyo nimeiona mwenyewe. Mwezi mmoja wa Januari, nilipofika robo ya mwisho ya mfuko uliokuwa umeegemezwa ukutani, niliona unga umeshikana kwa nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Niliupepeta, na juu ya ungo wakabaki wadudu wadogo wa rangi ya kahawia nyekundu, wakikimbia kutafuta giza. Kilo nne na kidogo zilikwenda kwa kuku wa jirani. Tangu siku hiyo, mfuko haukai tena sakafuni wala haugusi ukuta: unga unahamishiwa siku hiyohiyo katika ndoo kavu zenye vifuniko vinavyobana, na ndoo moja haifunguliwi mpaka nyingine iishe na kufutwa vizuri. Kumwaga unga mpya juu ya mabaki ya zamani ni kuwapelekea wadudu chakula chao.

Kuna jambo jingine linalopunguza faida ya mfuko, nalo ni uzito wenyewe. Depo moja niliyokuwa nikiiamini iliniuzia mfuko ulioandikwa kilo 25, nami nilipoufikisha nyumbani mizani ikaonyesha kilo 23 na nusu. Mshono wa juu ulikuwa wa uzi wa rangi tofauti na ule wa chini. Kwa bei ya mfano wetu, nilikuwa nimelipa franka 2,400 kwa unga ambao haukuwapo. Siku hizi natazama mshono kwanza, na ninaomba mfuko upimwe mbele yangu kabla sijatoa pesa. Muuzaji anayekataa kupima, simlaumu, ila sinunui kwake.

Upande wa pili kuna meka, chombo ambacho mama wa sokoni anapimia unga kwa wasioweza au wasiotaka kununua mfuko. Faida yake ni kubwa kuliko tunavyokubali: unanunua unachokula wiki hii, hakuna kinachoharibika, na pesa nyingine inabaki mkononi kwa dharura. Hasara yake ni kwamba meka haipimwi kwa mizani, inapimwa kwa mkono. Mama mmoja anamwaga unga mpaka unasimama kama mlima, akiuzuia pembeni kwa kiganja cha kushoto ili usimwagike, kisha anaongeza konzi moja ukimwambia, "Mama, uniongezeeko matabishi," yaani nyongeza ya bure. Mwingine anaupepeta unga punde tu kabla ya kupima, ukajaa hewa, na meka yake ikaonekana imefurika ilhali ndani ni nyepesi. Nilinunua meka kwa wauzaji wanne wa soko moja, siku moja, kwa bei moja, nikazipima nyumbani: kati ya iliyokuwa nzito na iliyokuwa nyepesi palikuwa na tofauti ya zaidi ya gramu 200. Kwa hiyo anayechagua meka achague kwanza muuzaji. Pima mara moja kwa wauzaji watatu au wanne, kisha shikamana na aliye mwaminifu. Mteja wa kila wiki hupata matabishi ambayo mpita njia hayapati.

Njia ya tatu ni kununua mahindi na kuyapeleka mashini. Watu wengi huiona kuwa njia ya maskini au ya kijijini, nami nadhani wanakosea, ingawa ina sharti moja. Tuseme kilo 25 za mahindi ni franka 25,000, na kusaga ni franka 100 kwa kilo, yaani franka 2,500. Ukisaga bila kukoboa, baada ya kupepeta uchafu na kupoteza kidogo mashinini, utabaki na kilo 24 hivi za unga, na kila kilo imekugharimu chini ya franka 1,150. Hakuna unga wa mfuko utakaofikia bei hiyo. Lakini ukitaka unga mweupe laini, ule uliokobolewa sana, takriban theluthi moja ya mahindi itatoka kama pumba. Utabaki na kilo 16 hivi, na kila kilo imekugharimu karibu franka 1,720. Hapo mfuko wa depo umekushinda, isipokuwa kama unafuga kuku wa kula hizo pumba au una mtu wa kuzinunua.

Sharti ni hili: unga usiokobolewa haukai muda mrefu. Kiini cha punje kina mafuta, na mafuta hayo yakishasagwa yanachacha. Baada ya wiki chache bukari inakuwa na uchungu kooni. Mahindi mazima, kinyume chake, yakikaushwa vizuri hukaa miezi. Nyumba ndogo inaweza kununua debe la mahindi na kusaga kilo 10 kwa wakati mmoja, hivyo ghala ni la punje na unga huwa mpya daima. Ukichambua, toa mawe na vipande vya mabua, na punje zilizoota ukungu zitupe bila huruma: sumu ya ukungu huo haitoki kwa kuosha wala kwa kupika, na hakuna akiba inayostahili kumlisha mtoto kitu hicho.

Wengi wetu huchanganya unga wa mahindi na wa muhogo, na bukari inapendeza zaidi inapovutika. Wakati muhogo uko chini kwa bei, mchanganyiko huo huokoa pesa halisi. Ni muhimu tu kujua kwamba gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban gramu 8 za protini, na za unga wa muhogo zina gramu 1 au 2. Anayeongeza muhogo sufuriani aongeze na maharage kwenye sahani.

Kuhusu wakati wa kununua, mavuno ya mahindi ya ukanda wetu hutoka Aprili na Mei, na kipindi kigumu ni kati ya Desemba na Machi. Unga wetu unategemea pia mvua za Zambia: ukame ulipoipiga nchi hiyo na serikali yake ikatangaza janga la taifa mwishoni mwa Februari 2024, sisi wa upande huu wa mpaka tuliujua ukame huo kwa bei ya mfuko. Mwenye nafasi kavu na vyombo vyema anunue mahindi mazima Mei au Juni. Asiye na nafasi hiyo asijilaumu. Meka nzuri ya kila wiki ni bora kuliko mahindi yaliyoliwa na fukusi chini ya kitanda.

Mara kwa mara mtu hunishauri niende mwenyewe Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka hapa. Kwa mfuko mmoja au miwili, nauli na mzigo humaliza faida yote, na siku nzima ya kazi imepotea. Njia hiyo ni ya wafanyabiashara.

Mahali pa kununulia

Soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, lina bei ambazo kantini (kiduka) ya kona haiwezi kuzitoa, na lina uhuru wa kujadiliana. Duka kubwa la kisasa katikati ya mji lina bei iliyoandikwa, uzito uliochapishwa, na friji. Nalo hulipa kodi na umeme wa jenereta, mambo ambayo mteja ndiye anayeyagharamia mwishoni. Kantini ya mtaani iko hatua 20 kutoka mlangoni, inauza sukari ya kipimo cha mkono na mafuta ya sashe, na inakopesha.

Kwa nyumba yetu jibu lilitoka katika daftari: soko mara mbili kwa mwezi kwa vitu vikavu, yaani maharage, ndakala (dagaa wakavu), chumvi, mchele, karanga na sabuni, kantini kwa vitu vya siku tu, kama mkate na kiberiti, na duka la kisasa karibu kamwe, isipokuwa linapopunguza bei ya kitu ninachokitumia kweli, nami nimekwisha kulinganisha gramu kwa gramu. Kwenda sokoni kila siku kunaleta hasara kwa nyumba ndogo, kwa sababu nauli ni ileile ukibeba kilo moja au kilo kumi.

Mkopo wa kantini unahitaji uangalifu kuliko bei yake. Simkatazi mtu kukopa. Kuna siku mshahara umechelewa na watoto wanahitaji kula. Lakini katika mwezi niliokopa, niligundua kwamba sikuwa nauliza bei tena, wala sikuwa nakataa kipimo kibaya, kwa sababu mwenye deni hana sauti. Ukikopa, weka daftari lako mwenyewe sambamba na la mwenye kantini, na uandike mbele yake.

Jambo dogo lakini la lazima: linganisha bei katika pesa moja. Bei ya depo inaweza kutajwa kwa dola na ya sokoni kwa franka, na kila muuzaji ana kiwango chake cha kubadilisha. Uliza kiwango kabla ya kuuliza bei, na kumbuka kwamba noti ya dola yenye mchaniko mdogo tu itakataliwa au itapunguzwa thamani.

Kitoweo: tomsoni, ndakala, maharage, mayai

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na ndipo kuna nafasi kubwa ya kuchagua. Ili kulinganisha vitu visivyofanana, nimechukua kiasi kimoja cha protini, gramu 180, na kuuliza kila chakula kinatoa kiasi hicho kwa uzito gani. Mayai 30, yaani kasha moja, yanatoa kiasi hicho, kwa kuwa yai moja lina gramu 6 hivi. Maharage makavu yanahitajika gramu 820. Ndakala zilizokauka vizuri ni gramu 300 tu. Tomsoni aliyesafishwa ni karibu gramu 950 za nyama, lakini ukitoa kichwa, matumbo na miiba, ni lazima ununue kilo 1 na gramu 600 za samaki mzima. Andika bei ya leo mbele ya kila uzito, na utaona mwenyewe mshindi wa wiki hii. Katika daftari langu maharage yameshinda karibu kila mara, ndakala zimefuata, na tomsoni, ambaye sote tunamwona kuwa samaki wa bei nafuu, amekuwa wa mwisho mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Hesabu hiyo haitoshi yenyewe, kwa sababu maharage hula makala. Maharage mapya ya msimu, yenye ngozi inayong'aa, niliyoyaloweka usiku mzima, yaliiva kwa saa moja na nusu. Yale ya zamani, yaliyofifia rangi, ambayo sikuyaloweka, yalikaa motoni zaidi ya saa tatu na bado mengine yalikuwa magumu. Muuzaji alikuwa ameyapunguza bei, nami nilifurahi kuyapata, kumbe punguzo lilichomwa lote katika mbabula, jiko la makala. Tazama rangi, uliza ni ya mavuno gani, loweka, na pika ya siku mbili kwa moto mmoja. Kilo moja ya maharage makavu huwa zaidi ya kilo mbili yakiiva, kwa hiyo watu watatu wanapika gramu 500 na kula mara mbili. Siku ya pili yanachemshwa vizuri tena kabla ya kuliwa. Kwa kuwa mahindi yana upungufu wa kitu fulani katika protini yake ambacho maharage wanacho kwa wingi, na maharage wanapungukiwa na kile ambacho mahindi yanacho, bukari na maharage vikiliwa pamoja vinafaa mwili kuliko kila kimoja peke yake.

Ndakala nazipenda kwa nyumba ndogo kwa sababu hazihitaji friji, zinaiva kwa dakika chache, na zinaliwa na miiba yake, ambayo ni chokaa ya mifupa. Ziko ndakala za Tanganyika zinazopita Kalemie na nyingine zinazokuja kupitia Zambia. Ubora wake unajulikana ukizitia majini: chukua konzi moja, zimwagie maji ya vuguvugu katika sahani nyeupe, zitikise taratibu, halafu zitoe na utazame chini. Zilizoanikwa juu ya wavu huacha maji ya rangi ya chai; zilizoanikwa chini huacha mchanga. Nilikausha na kupima mchanga uliotoka katika gramu 500 nilizonunua kwa haraka jioni moja, ukawa gramu 45. Nilikuwa nimenunua mchanga kwa bei ya samaki. Sasa naomba konzi ya kuonja, naitafuna palepale, na meno yananiambia yote.

Tomsoni ni samaki wa baharini anayekuja ameganda katika kartoni, na wengi hushauri familia mbili zinunue kartoni nzima. Kwa Lubumbashi ninayoijua mimi, ambapo umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaweza kukatika usiku mzima, ushauri huo unafaa tu kwa mwenye friji na umeme wa uhakika. Nyumba ya watu watatu inunue samaki wawili siku ya kuwala, na kumsafisha bila kutupa kichwa, ambacho kinatoa mchuzi wa siku inayofuata. Aliyeyeyuka na kugandishwa tena utamjua kwa macho yaliyozama na tumbo linalopasuka likiguswa; bei yake iwe chini namna gani, mwache.

Mayai yanamfaa sana anayeishi peke yake. Yai ni kipimo kilichokwisha kupimwa, halibakizi kitu, na makala yake ni machache. Kununua moja moja kwenye kantini ni ghali kuliko kasha, lakini kasha la 30 kwa mtu mmoja ni la wiki mbili au tatu, muda ambao mayai mapya mahali penye baridi huvumilia. Liingize yai majini kabla ya kulipika: likielea, limechakaa.

Viwavi vikavu ni chakula chenye nguvu, na katika msimu wa mvua vinapatikana kwa wingi kutoka vijijini. Nje ya msimu huo bei yake mjini ni ya sikukuu, na sivihesabu katika matumizi ya kila wiki.

Sombe au lengalenga?

Nimeliweka swali hili peke yake kwa sababu linaonyesha vizuri zaidi tofauti kati ya bei ya kununua na bei ya kula. Fungu la sombe (majani ya muhogo) mara nyingi ni rahisi kuliko la lengalenga (mchicha). Lakini sombe lazima litwangwe au lisagwe, kisha lichemshwe kwa muda mrefu, na muda huo si wa kupunguzwa, kwa kuwa majani ya muhogo mabichi yana sumu ambayo huondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa. Baadaye linadai mafuta ya mawese au karanga, kitunguu, na mara nyingi samaki kidogo. Lengalenga linaiva kwa dakika 10, linatosheka na nyanya na chumvi. Nilipohesabu makala na viungo, sahani ya sombe ilinigharimu karibu mara mbili ya sahani ya lengalenga. Hilo halimaanishi tuache sombe. Mume wangu asingekubali, wala mimi. Maana yake ni kwamba sombe lipikwe sufuria kubwa siku ya Jumamosi, moto mmoja, liliwe na jioni ya Jumapili, na siku za kazi ziwe za lengalenga na matembele.

Nyanya, kwa ufupi: katika kiangazi, Juni hadi Septemba, bustani za pembezoni mwa mji hutoa nyanya nyingi, na mvua ikishaanza magonjwa huzipiga na bei hupanda. Nyanya zilizolainika mwisho wa siku huuzwa kwa nusu bei. Zinafaa ikiwa utazipika usiku huohuo ziwe mchuzi mzito.

Mafuta ya kupikia yanaonyesha udhaifu mwingine wa kununua kwa wingi. Bidoni (dumu) ya lita 5 ni nafuu kuliko sashe kwa kila lita, hakuna ubishi. Lakini bidoni ikijaa, mkono unakuwa mwepesi. Lita 5 zilizopaswa kukaa wiki saba kwetu zilikwisha katika wiki tano, na hapo bei ya sashe ikawa sawa na yangu. Dawa niliyoipata ni kalamu: nimechora mistari ubavuni mwa bidoni, mstari mmoja kwa kila wiki, na binti anayepika anajua kwamba mafuta hayashuki chini ya mstari kabla ya Jumatatu.

Makala na resho

Gunia la makala ni nafuu kwa kilo kuliko kopo la kila siku, na tofauti na unga, makala hayaharibiki yakiwa makavu. Kwa hiyo hiki ndicho kitu ambacho hata mtu anayeishi peke yake anunue kwa gunia, tena anunue Agosti au Septemba, kabla ya mvua kuharibu njia za magari yanayoyaleta. Akague sehemu ya juu na ya chini ya gunia: vipande vikubwa huwekwa juu ili vionekane, na vumbi hujificha kati.

Anayepata umeme saa chache kwa siku apike kwa resho, jiko la umeme, vitu vya haraka, na aache maharage na sombe kwa mbabula. Baada ya kupika, sikubali makala yaishie yenyewe. Nayahamisha kwa koleo katika debe lenye kifuniko, yanazimika kwa kukosa hewa, na kesho yake yanawaka upesi kuliko mapya. Katika mwezi wa kwanza wa kufanya hivyo, gunia lililokuwa likikaa wiki nne lilikaa wiki tano na siku tatu.

Mfuko mmoja, nyumba tatu

Njia iliyotupunguzia matumizi kuliko zote ni kununua kwa wingi na kugawana kwa uchache. Tuko nyumba tatu za jirani: sisi, mjane anayeishi na mjukuu wake, na kijana fundi umeme anayeishi peke yake. Tunanunua mfuko wa unga, kilo 10 za maharage, na bidoni ya mafuta, na kila mmoja anachukua kwa kadiri ya midomo yake. Mtu mmoja tu analipa nauli. Hakuna unga unaokaa zaidi ya wiki mbili, kwa hiyo hasara ya kuharibika imekwisha kabisa, na bei tunayolipa ni ya depo.

Mpango huu unavunjika haraka usipokuwa na taratibu, nami nimeona mwingine wa namna hiyo ukivunjika katika uwanja wetu kwa sababu ya deni la mtu mmoja. Kwetu pesa hutolewa siku moja kabla ya kununua; asiyetoa anasubiri zamu ijayo, bila lawama. Mizani inaning'inizwa juu ya mwembe ulio uani, kila mmoja akitazama sindano, na mifuko mitupu inapimwa kwanza ili uzito wake utolewe. Mgawanyo hufanyika siku hiyohiyo, kwa kuwa mfuko uliolala kwa mtu mmoja huleta maneno hata kama haujaguswa. Gramu zinazobaki mwishoni, ambazo hazigawanyiki sawasawa kwa watatu, huenda kwa bibi, naye hupika uji asubuhi na kuwaita watoto wa uwanja mzima.

Tunakutana tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na safari hii tutajaribu mahindi mazima badala ya unga: debe moja, kusaga kilo 10, na kuona kama bibi ataikubali bukari isiyokobolewa.